Hakuna Mtu Ali-cede Rift Valley

Wasee, leo ni neno moja tu la Kiingereza: cede. Vitabu vya historia vinalipenda, na juzi nimeona tena mtu wa rika letu ameandika ati Wamaasai wali-cede Rift Valley kwa Waingereza mwaka wa 1904. Ameandika freshi kabisa, ni kama anasema jirani aliwaazima sufuria.

Fungua kamusi. Cede ni kumwachia mwingine ardhi au mamlaka. Kuachia. Kwa hiyo sentensi anayefanya kazi yote ni yule anayepoteza. Yule anayechukua amesimama tu pale, mikono nyuma, anapokea.

Sasa angalia vile ilienda. Miaka ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe wa Wamaasai, ndui nayo ikamaliza watu. Reli ikafika Nakuru 1900. Agosti 1904, Olonana na wenzake wakakubali mkataba wa Kamishna Donald Stewart, umeandikwa kwa Kiingereza, unaosema wameamua kwa hiari yao kuhama bonde lote ndio walowezi wapate pa kukaa. Hiari gani hiyo? Na Delamere alikuwa ashapewa ekari 100,000 kule Njoro, mkataba hata haujaandikwa.

Waliahidiwa Laikipia itakuwa yao mradi Wamaasai wapo duniani. Mwaka wa 1911 wakaambiwa watoke huko pia. Milele ya miaka saba! Hata mkopo wa simu una heshima kuliko hiyo.

Lakini inayoniudhi zaidi ni ya 1913. Walienda kortini, kesi ya Ole Njogo, na korti ikasema haiwezi kuisikiza ju ile mikataba ni ya dola na dola, si mambo ya korti. Yaani Wamaasai walikuwa dola siku ya kutoa ardhi na siku ya kufukuzwa kortini, basi. Siku ya kukaa na ardhi yao, hawakuwa dola. Cede ni neno la hiyo hadithi, ya wakubwa wawili wakipeana vitu mezani.

Kiswahili kina kutoa, kukabidhi, kusalimisha. Pia kina kunyang'anywa, na hiyo ukiitamka tu mtu anauliza: na nani?

Najua mtasema Nakuru si mahali pa kuchezea maneno ya ardhi, mnakumbuka Januari 2008. Ni kweli. Sisemi mtu ahame. Wazazi wangu walinunua ploti hapa kwa jasho lao na siendi popote. Lakini Naivasha ni jina la Kimaasai, Elmenteita pia, tunayataja kila siku kwa matatu. Sioni mbona kusema venye hii ardhi ilichukuliwa kumtishe mtu aliyenunua ploti yake.

Kwa hivyo insha ikikuja, andika walinyang'anywa, na utaje ni nani aliwanyang'anya. Mwalimu akikukata maksi, nitumie picha ya hiyo karatasi.