Acheni Kuandika "Uzoefu: Hakuna"

Hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, tuna imani moja inayotutia hasara: kwamba mwanafunzi wa chuo anayeuza unite za simu, anayehesabu mifuko ya saruji bandarini Kalundu au anayepima ndagala sokoni "anajitafutia tu". Ni Artikle 15, yaani jitafutie mwenyewe, basi. Kazi yenyewe, eti, itaanza baada ya diploma, na uzoefu ni ule wa staji iliyogongwa muhuri. Wazazi wanaamini hivyo, mapatroni pia. Mwanafunzi naye kameza: akiandika sivii, kwenye uzoefu anaweka "hakuna".

Hakuna? Njoo mtaa wa Kavimvira jioni, kwenye kibanda cha kutuma pesa. Binti wa mwaka wa pili ana faranga za Kongo, dola, na faranga za Burundi walizorudi nazo wachuuzi kutoka Bujumbura. Noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni ameirudisha kwa upole, maana anajua kesho itamfia mkononi. Mama mmoja anafoka: pesa yake imekwenda namba ya mtu mwingine. Binti anamtuliza kwa Kifuliiru, anapiga simu kwenye mtandao, anaandika saa na namba kwenye kaye. Kisha anafunga hesabu ya sarafu zote tatu, ya simuni na ya mkononi, na zinakubaliana.

Staji nyingi, kwa upande wake, ni benchi, kutumwa fotokopi, na karatasi ya mwisho yenye sentensi mbili zinazomfaa yeyote.

Lawama kubwa naiweka kwa patroni. Anamsimamia kijana mwaka mzima kwa swali moja: "Pesa ziko sawa?" Wakati wa kufunga angemwuliza pia: yule mama ulimtulizaje? Mtandao ungekatika katikati, ungefanyaje? Kijana aliyezoea kujibu hayo ana la kusema mbele ya shirika linalotafuta watu wa kupita nyumba kwa nyumba na kuorodhesha familia. Na kazi hiyo haiishi katika mji wenye kipindupindu cha miaka nenda rudi, mji ambao mto Mulongwe uliubomolea nyumba kwa mafuriko ya Aprili 2020.

(Sisemi ujuzi uwe mshahara. Patroni anayelipa kwa neno "unajifunza" ni mwizi.)

"Nikimfumbua macho ataondoka," wananijibu. Ataondoka tu, siku atakapomaliza masomo, na kaye yake atakuachia bila mtu anayeisoma. Afadhali wiki zake mbili za mwisho amfundishe atakayemrithi, wewe ukisikiliza. Halafu umwandikie hati inayotaja alichofanya: sarafu tatu, hesabu ya kila jioni, malalamiko aliyoyamaliza bila kukuita. Na weka namba yako ya simu chini, ili anayetaka kumwajiri akupigie.