Kusoma miezi mitano inje ya nchi: ni masomo ao ni matembezi?

Miezi mitano inatosha kujifunza nini? Wazazi wengi wanauliza hivyo mtoto akirudi nyumbani na kusema chuo chake kinatafuta wanafunzi wa kwenda kusoma muhula moja tu Kampala, Dar es Salaam ao Ulaya. Swali hilo liko na maana. Hapa kwetu kuna mzazi anayeuza ngombe juu ya minervali, hawezi kufurahia matembezi.

Tuelewane kwanza. Mabadilishano ya wanafunzi si burse ya kwenda kumaliza masomo yote inje. Mwanafunzi anabaki ameandikwa kwenye chuo chake cha Bukavu, Goma, Butembo ao Kisangani. Anaenda kwa muda mufupi, kiisha anarudi kutafuta diploma yake hapa hapa. Programu inayojulikana zaidi ni Erasmus ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza mwaka 1987 na nchi 11. Leo vyuo vya Afrika pia vinaweza kushirikiana nayo. Mwanafunzi anakaa miezi 2 mpaka 12, na halipi minervali kwenye chuo kinachomupokea.

Faida iko wapi? Mwanafunzi wa kilimo ao wa udaktari anagusa kwa mikono yake mashine aliyokuwa anaona kwenye vitabu tu. Anazoea kumuuliza mwalimu maswali bila woga. Anajifunza Kiingereza darasani, si kwenye karatasi. Zaidi ya yote, anarudi. Anayeenda miaka mitano mara nyingi anapata maisha kule, na jimbo linamupoteza.

Lakini kuna shida moja ambayo wengi wanaigundua wakiisha kurudi: pointi. Zamani, kwa mufumo wetu wa mwaka nzima, kukosa muhula moja ilikuwa kama kupoteza mwaka. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, vyuo vyote vya Kongo viliombwa kufuata mufumo wa LMD, wenye kredi 30 kwa muhula na 60 kwa mwaka. Kwa hiyo kredi za chuo kingine zinaweza kuhesabiwa hapa. Zinaweza, lakini haziji zenyewe. Inaomba mukataba wa masomo uliosainiwa mbele ya safari na watu watatu: mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachomupokea. Bila karatasi hiyo, miezi mitano inaweza kugeuka mwaka moja wa kurudilia.

Kwa sisi wa mashariki, mulango wa karibu si Ulaya. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya hiyo ilikuwa imekwisha kutangaza, mwaka 2017, eneo moja la elimu ya juu, ili masomo ya nchi moja yatambuliwe kwa ingine. Baraza la vyuo vikuu vya Jumuiya liko Kampala, na kutoka Beni ao Bunia, Kampala ni karibu kuliko Kinshasa.

Vita inaharibu hesabu hiyo. Inafunga njia, na inazuia wageni kuja kwetu. Na bado tuko na vya kufundisha: volkano Nyiragongo, iliyolipuka tarehe 22 Mei 2021, na hospitali ya Panzi kule Bukavu, yenye ujuzi wa kutunza wanawake waliobakwa. Kama watoto wetu tu ndio wanakwenda, hayo si mabadilishano.

Kunabaki swali la nani anachaguliwa. Kama pasipoti na tiketi ni juu ya familia, mtoto wa mukulima atabaki, hata akiwa wa kwanza darasani.

Basi, mzazi, mbele ya kusaini, uliza chuo mambo matatu. Kredi zitahesabiwa, na imeandikwa wapi? Nani analipa safari na chakula? Liste ya waliochaguliwa imebandikwa fasi gani? Chuo kikijibu yote matatu kwa maandishi, mwache mtoto aende. Kikibabaika, miezi hiyo mitano ni matembezi kweli.