Mistari Tisa Mahakamani

Wiki hii nilipitia upya kumbukumbu za kesi ya Oracle dhidi ya Google, iliyosikilizwa San Francisco mwaka 2012, na macho yakanasa kwenye mistari tisa ya programu iitwayo rangeCheck. Kazi yake ni kukagua kama namba imevuka mpaka uliowekwa, basi. Mawakili wa Oracle waliishikilia kama ushahidi mzito kwamba Google ilinakili kazi ya kampuni yao. Jaji William Alsup, msomi wa hisabati aliyewahi kuandika programu mwenyewe, akawaambia vipande vya aina hiyo ameshaviandika mara nyingi. Usilolijua ni usiku wa giza. Ndiyo maana namheshimu sana mhandisi anayeacha karakana akasomee sheria: akishika hati ya hataza anaiona mashine yenyewe ikizunguka, na shahidi mtaalamu hamchengi kwa maneno makubwa. Marekani humtaka wakala anayemwombea mteja hataza ya uvumbuzi awe na elimu ya sayansi au uhandisi, lakini hataza hiyo hiyo ikigombaniwa mahakamani, wakili hadaiwi elimu hiyo. Kwangu hilo ni pengo la hatari, kwa sababu mvumbuzi anaweza kunyang'anywa jasho lake mbele ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyeielewa kazi yake.