Baiskeli ni ileile, mpaka ndio unaochagua mtu

Vijana wetu wanaangalia kwenye simu video za Wazungu wanaozunguka Ulaya kwa baiskeli, hema nyuma, sufuria ikining'inia pembeni. Halafu wanatuuliza: ni kweli mtu anaweza kupita nchi kumi bila kusumbuliwa na mtu?

Karibu kweli. Kuna njia inaitwa EuroVelo 6. Inaanzia Ufaransa, upande wa Nantes, inafuata mito mpaka Constanța, Rumania, kwenye Bahari Nyeusi. Ndani yake kuna nchi kumi. Tangu Januari 2025, Rumania na Bulgaria zilipoacha ukaguzi kwenye mipaka ya barabara, ni Serbia tu ambako msafiri anatazamia kuonyesha pasipoti akiingia na akitoka. Taabu zake nyingine ni upepo, mvua, treni inayokataa baiskeli, na kubadilisha pesa. Asiye raia wa Umoja wa Ulaya anahesabu pia siku: 90 tu ndani ya kila siku 180. Ni taabu, sikatai. Lakini ni taabu za mtu aliyetoka kwake kwa kupenda.

Sasa wale waliotoka bila kupenda. Mwaka 2015, watu zaidi ya 5,000, wakiwemo waliokimbia vita vya Siria, waliingia Norwe kutoka Urusi kwa baiskeli, kule kaskazini kabisa kwenye baridi kali, mahali panapoitwa Storskog. Kwa nini baiskeli? Urusi ilikataza kuvuka pale kwa miguu, na Norwe ilimwadhibu dereva anayebeba mtu asiye na karatasi. Baiskeli haikuwa imekatazwa na yeyote. Basi watu wakanunua baiskeli, hata za watoto, wakakanyaga mita chache za mwisho, wengine na nguo walizokimbia nazo tu. Upande wa pili baiskeli zilirundikwa, nyingi zikapondwa kwa sababu hazikufikia masharti ya usalama ya Norwe. Mwaka uliofuata Norwe ikajenga uzio.

Nasimulia hayo kwa sababu familia zilizopitia Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zitayaelewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Ulaya ileile inamchorea mmoja ramani ya kutembelea mito, na inamwekea mwingine waya.

Hata hivyo sitaki tuseme kwamba mipaka laini ni mambo ya Wazungu. Mkataba wa Schengen ulitiwa sahihi mwaka 1985. Sisi tulikuwa na CEPGL tangu 1976: Kongo (wakati ule Zaïre), Rwanda na Burundi, makao yake Gisenyi, hapo tu ng'ambo. Karatasi yake ya kusafiria imewavusha mama zetu wengi na mabeseni yao. Na Ufaransa na Ujerumani zilikuwa zimeuana mara mbili ndani ya miaka 30 kabla ya kufungua njia. Kwa hiyo anayesema majirani waliopigana hawawezi kupunguza ukaguzi, asituambie.

Wasafiri wetu wakubwa wa magurudumu hawana hema. Ni walemavu wa Petite Barrière, kwenye baiskeli zao za magurudumu matatu zinazosukumwa kwa mikono, wakipitisha unga, mafuta ya kula, nyanya. Safari yao si ya kilomita elfu, ni ya mita mia chache, lakini wanairudia siku nzima, na kila mzunguko ni chakula cha watoto. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa upande wa Rwanda, serikali yetu ilirudisha saa ya kufunga kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa tisa mchana. Saa tatu zikakatwa. Mwenye lori atapanga upya ratiba yake. Anayesukuma kwa mikono anapoteza mizunguko miwili, labda mitatu, na deni la mtaji halipungui. Kabla ya hapo Covid ilikuwa imefunga kabisa, Machi 2020. Hakuna kilichomuumiza kama kubadilika-badilika huko: unaamka hujui mlango utafungwa saa ngapi.

Na tusisahau chukudu. Tumeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, tunapiga nayo picha, halafu kijana anayeshuka nayo kutoka Kibumba na makaa au viazi anatolewa pesa kila anapokuta kamba imevutwa barabarani. Heshima gani hiyo?

Ombi langu si Schengen kesho. Saa za kufunga mpaka zibandikwe ukutani, pande zote mbili, na zisibadilishwe bila tangazo la siku kadhaa. Wenye magurudumu matatu wapewe mstari wao, wasisubiri jua zima nyuma ya umati. Bei ya karatasi iandikwe, ili asiyejua kusoma asomewe na jirani yake, si na yule anayepokea pesa.

Kwa bariera za ndani ya mkoa, ambako familia zinapita zikirudi vijijini na godoro limefungwa juu ya chukudu: godoro na sufuria si bidhaa, zisitozwe kitu. Wanaoshika kamba hizo wana redio pale pale, wanatusikiliza kila asubuhi. Tunangoja jibu lao.