Kopo Lililofichwa Kando ya Bwawa

Tumezoea kuyajadili mabwawa makubwa kwa lugha ya megawati, hekta na mikopo. Leo naomba tulijadili bwawa moja kupitia mchezo, kwa sababu mchezo huo unazua swali ambalo wahandisi na wachumi hawaliulizi mara nyingi: raia anapofika kupumzika kwenye mradi wa umma, ana haki ya kuelezwa nini kuhusu namna ulivyojengwa?

Mchezo wenyewe huitwa jiokashingi. Tarehe 2 Mei 2000, serikali ya Marekani iliacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kesho yake, Dave Ulmer alificha ndoo ya plastiki msituni katika jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake kwenye intaneti na kuwaalika wengine waitafute. Kanuni zake ni nyepesi. Anayeipata hazina huandika jina lake kwenye daftari lililomo. Akichukua kitu, huacha kingine chenye thamani inayolingana. Kisha hukirudisha chombo pale pale alipokikuta. Zipo pia hazina zisizo na chombo chochote: mtafutaji hupewa maswali, naye huyapata majibu kwa kusoma bango, kuchunguza mwamba au kulitazama jengo kwa makini.

Sasa tuutazame mchezo huu kando ya Bwawa la Theodore Roosevelt, Arizona, mahali ambapo kijito cha Tonto hukutana na Mto Salt. Ni mojawapo ya miradi ya mwanzo iliyozaliwa na sheria ya umwagiliaji ya mwaka 1902. Roosevelt mwenyewe alilizindua tarehe 18 Machi 1911, akiwa amekwisha kutoka madarakani. Liliwapa maji wakulima wa bonde lililo chini yake, na bila maji hayo ni vigumu kuifikiria Phoenix ya leo. Ziwa lake sasa ni mahali pa kuvua samaki, kuendesha boti na kupiga kambi.

Lakini mgeni anayesimama pale haoni bwawa la 1911. Ukuta wa awali ulijengwa kwa mawe ya kuchonga, ukiwa na kimo cha takriban meta 85. Katika kazi iliyokamilika mwaka 1996, uliinuliwa hadi karibu meta 109 na kufunikwa kwa zege. Mabadiliko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1999 bwawa liliondolewa katika orodha ya taifa ya alama kuu za kihistoria. Mawe ya zamani yamo ndani ya zege, na mji wa kwanza uliowahifadhi wajenzi umo chini ya ziwa.

Kilichofunikwa si mawe peke yake. Mwaka 1875, Wayavapai na Waapache wa eneo hilo waliswagwa kwa nguvu hadi hifadhi ya San Carlos. Miaka thelathini baadaye, wanaume wa Kiapache walirudi katika milima hiyo wakiwa vibarua, wakichonga barabara ya kupitishia vifaa vya ujenzi. Mmoja wa wasimamizi wao, Al Sieber, aliyekuwa mkuu wa maskauti wa jeshi katika vita dhidi ya Waapache, aliuawa na jiwe lililoporomoka mwaka 1907. Yeye ana mnara wa kumbukumbu kando ya barabara. Nauliza: ni wageni wangapi wanaoweza kutaja jina la kibarua mmoja tu aliyekuwa chini yake?

Nitaambiwa kwamba watu huenda ziwani kupumzika, na mwenye ndoano mkononi hataki mhadhara. Hoja hiyo ina uzito kwa mvuvi; kwa mtafuta hazina haina. Huyu amekuja kwa hiari yake akitaka fumbo, na yuko tayari kupanda mlima juani ili alifumbue. Kumpa fumbo linalomfikisha kwenye barabara ya wachonga miamba na kumuuliza ni nani walioichonga, si kumharibia mchezo.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi. Kutangaza mahali hasa yalipo magofu ya kale kunaweza kuwaita waporaji, na bonde lile lina mabaki mengi ya watu wa kale waliolima huko kabla ya Wazungu kufika. Kwa hiyo sisemi kila mahali pawekwe alama. Katika sehemu nyeti, hazina isiyo na chombo ndiyo inayofaa, na penye makaburi au matambiko pasitajwe kabisa. Waapache na Wayavapai washirikishwe kuamua kipi kisimuliwe na kipi kinyamaziwe. Mtumishi wa umma asikimbilie kupiga marufuku. Aweke utaratibu wa kibali ulio wazi, wenye masharti yanayoeleweka.

Nasema haya nikiwafikiria wasomaji wangu wa Afrika Mashariki. Mchele wa Mwea unasifiwa kote Kenya, ilhali mifereji ya mwanzo ya skimu ile ilichimbwa katika miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari. Wanaokumbuka miaka ile wanazidi kupungua. Mwanafunzi mwenye simu anaweza leo kuwaomba ruhusa wazee na viongozi wa mahali, akarekodi kumbukumbu zao, kisha akatunga maswali yatakayomtembeza kijana mwenziwe kutoka mfereji hadi mfereji. Asisubiri bajeti ya makumbusho.

Mradi wa umma una wahisani, wahandisi na wazinduzi, nao majina yao huandikwa kwenye jiwe la msingi siku ya kwanza. Majina ya waliobeba mawe na ya waliohamishwa huhitaji mtu wa kuyatafuta. Kama mchezo unaweza kuwapeleka watu porini kutafuta kopo la plastiki, sioni sababu ya kushindwa kuwapeleka kuyatafuta majina hayo.