Kiyoyozi Peke Yake Hakiokoi Nyaraka
Hoja iliyochapishwa na mwandishi mmoja, kwamba kila mkazi wa mwambao mwenye mali ya thamani akodi ghala lenye kiyoyozi, inachanganya joto na unyevuanga, yaani kiasi cha mvuke hewani kikilinganishwa na upeo ambao hewa ya joto hilohilo yaweza kubeba. Kuvu hustawi unyevuanga unapodumu juu ya takriban asilimia 70, hali ya kawaida Zanzibar na Mombasa; kwa hiyo karatasi, ngozi na filamu zinahitaji kweli hifadhi kavu, ilhali sufuria na vyombo vya kaure (mwandishi yule anavijumuisha bila haya) havihitaji. Isitoshe, kiyoyozi kinapozimwa usiku ili kubana matumizi, hewa nyevu hupenya na kuacha matone juu ya vitu vilivyopoa. Anayetaka kukodi aulize kwanza kipimo cha unyevuanga cha mwezi wa Aprili, masika yanapopamba moto.