Matege yapimwe mtu akiwa amesimama

Mimi ni mtoto wa Meru, wa huku Maji ya Chai. Maji tuliyochota utotoni, yenye floraidi kupita kiasi, yaliniachia meno ya kahawia na miguu ya matege, na magadi tuliyotia kwenye makande nayo yaliongeza lao. Kwenye mpira matege yalinipa sifa. Sasa nimestaafu ualimu, na goti la kushoto linaniuma upande wa ndani. Upande wa nje halina neno.

Hospitali ya kwanza walinilaza kitandani, wakapiga picha ya goti peke yake, wakasema limesagika kwa uzee, wakaniandikia vidonge vya maumivu, diklofenaki. Uzee gani huo unaochagua upande? Hata fundi viatu wangu pale Tengeru aliona mapema kwamba miguu imepinda: soli zangu huisha ukingo wa nje.

Chora mstari kutoka katikati ya nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu. Kwa mwenye mguu ulionyooka, mstari huo hupita karibu na katikati ya goti. Hata yeye anapotembea, upande wa ndani ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito. Kwa mwenye matege mstari husogea ndani zaidi, na matege yakizidi hutoka kabisa kwenye goti kwa upande huo wa ndani. Gegedu la upande huo likilika, mguu unazidi kupinda. Ukizidi kupinda, linalika zaidi. Leena Sharma na wenzake, watafiti wa Chicago, waliwafuatilia wagonjwa wa goti kwa miezi 18 na kuchapisha matokeo mwaka 2001: kwa wenye matege, uwezekano wa ugonjwa kuendelea upande wa ndani ulikuwa kama mara 4 ya wasio na matege.

Si kila mwenye matege ataumwa, na kupunguza uzito kunasaidia sana. Lakini kidonge hakisogezi mstari. Kinachousogeza ni upasuaji wa kukata mfupa wa muundi chini ya goti na kuunyoosha, ili mzigo uhamie upande wa nje ambao bado mzima. Upande huo nao ukishaharibika, nafasi hiyo imepita. Kinachobaki ni goti bandia, na bei yake tunaijua.

Kwa mtoto kazi ni nyepesi zaidi, maana mfupa unaokua huweza kunyooshwa taratibu kwa kibati kidogo kinachofungwa kwenye mfupa. Matege ya kabla ya miaka 2 ni ya kawaida. Yakiendelea baada ya hapo, au ukapinda mguu mmoja tu, mpelekeni kwa daktari wa mifupa, msingoje akue.

Nanyi wenzangu mnaopakaa dawa ya kuchua kila jioni, ombeni picha ya mguu mzima, nyonga hadi kifundo, mkiwa mmesimama ili mguu ubebe uzito. Daktari akisema haina haja, mwulizeni mstari wenu unapita wapi.